Kingamwili ya GFAP kwenye tishu ya ubongo: dalili za hitilafu, sababu zake na marekebisho

GFAP ndiyo protini inayotafutwa kuliko zote na anayetaka kuona astrosaiti, zile seli za ubongo zenye umbo la nyota. Ni protini ya nyuzi za kiunzi cha seli, ina uzito wa takribani kDa 50, na ni ndugu wa vimentini, desmini na periferini. Undugu huo ndio unaozaa kesi nyingi zilizomo humu, maana kingamwili inayoshika GFAP inaweza kushika na ndugu zake bila wewe kujua. Picha itatoka nzuri, nyota zitaonekana, kumbe unapima kitu kingine.

Kwa hiyo kingamwili hujaribiwa kwanza pale inapotakiwa kunyamaza. Kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, hakikisha kila unapofanya kazi una slaidi hizi za ulinganisho:

- Hipokampasi na serebela ya panya mdogo (mouse; panya mkubwa humu ni rat) mwenye afya. Hapa GFAP ipo kwa hakika.
- Msuli wa mguu wa mnyama huyohuyo. Nyuzi zake hazina GFAP ila zimejaa desmini. Zikishika rangi, umeshapata jibu.
- Slaidi isiyowekewa kingamwili ya kwanza (ile inayoshika GFAP; ya pili huishika ya kwanza na ndiyo hubeba rangi).
- Slaidi iliyowekewa IgG ya kawaida (kingamwili za damu zisizolenga GFAP) ya mnyama aliyetoa kingamwili yako, kwa µg/ml zilezile. Uzimuaji uleule hautoshi, kwa sababu chupa mbili zinaweza kuwa na kiwango tofauti kabisa cha protini.
- Slaidi isiyoguswa na kingamwili yoyote, ya kuonyesha mng'ao wa tishu yenyewe.
- Ukiweza kupata, ubongo wa panya aliyeondolewa jeni ya Gfap. Panya hao wapo tangu 1995, wanaishi na kuzaa kama kawaida, na vipande vilivyokwisha kufiksiwa (kukazwa kwa kemikali kama formalini) huombwa kutoka maabara inayowafuga.

Ini hupendwa sana kama tishu "safi". Tahadhari: seli za stelati kwenye ini la panya mkubwa hutoa GFAP, kwa hiyo vijitawi vichache kati ya seli za ini si lazima viwe kosa la kingamwili. Msuli ni shahidi bora.

Hakuna rangi yoyote, hata hipokampasi

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kingamwili ya pili isiyolingana na ya kwanza. Soma lebo za chupa zote mbili. Kloni ya GA5, kwa mfano, ni IgG1 ya panya mdogo. Kingamwili ya pili inayoshika IgG2a peke yake haitaiona. Kingamwili za GFAP zinazotoka kwa kuku ni IgY, na hizo zinataka kingamwili ya pili ya kuku mahsusi. Protini A na protini G hazizishiki.

Lebo zikilingana, jaribu mfumo wa rangi nje ya tishu. Dondosha µl 1 ya kingamwili ya kwanza kwenye kipande cha nitroselulosi, acha kikauke, kizuie kwa BSA (albumini ya seramu ya ng'ombe) 5% kwa dakika 30, weka kingamwili ya pili kwa dakika 30, osha, kisha weka DAB (rangi inayogeuka kahawia ikikutana na kimeng'enya cha HRP kilichobebwa na kingamwili ya pili) au soma mng'ao. Doa lazima litokee. Lisipotokea, tatizo halipo kwenye ubongo. Ukitumia HRP, kuna jaribio la haraka zaidi: tia tone dogo la kingamwili ya pili kwenye DAB iliyotayarishwa muda huo. Maji yasipogeuka kahawia ndani ya sekunde chache, ama HRP imekufa ama peroksaidi imechakaa. Badilisha peroksaidi kwanza, ndiyo rahisi.

Hapo kuna mtego wa azaidi ya sodiamu. Vipande vinavyoelea (visivyobandikwa kwenye slaidi) huhifadhiwa kwenye PBS, bafa ya chumvi, yenye azaidi, na azaidi inaua HRP. Vioshe mara 4 au 5, kila mara dakika 10, na usiweke azaidi kwenye bafa yoyote itakayokutana na HRP.

Sababu inayofuata ni formalini. Ubongo uliokaa kwenye formalini kwa miezi hujifunga, na epitopu (sehemu ya protini inayoshikwa na kingamwili) hufichika. Anza na sitreti mM 10: gramu 2.94 za sitreti ya sodiamu yenye maji mawili kwa lita moja, pH 6.0, Tween-20 0.05%, nyuzi 95 kwa dakika 20, kisha iache ipoe humohumo dakika 20 zaidi. Ikishindikana, nenda kwenye Tris mM 10 na EDTA mM 1, pH 9.0 (gramu 1.21 za Tris, gramu 0.37 za EDTA ya disodiamu kwa lita). Vipande vinavyoelea vya µm 40 havivumilii joto hilo. Tumia sitreti kwa nyuzi 80, dakika 30.

Kwa walio nyanda za juu: Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Itifaki iliyoandikwa pwani ya bahari ikisema "chemsha dakika 10", ninyi mmepika kwa joto la chini. Ongeza muda au tumia sufuria ya presha. Slaidi zinazotoka hafifu Nairobi na kung'aa Dar es Salaam, kwa kingamwili ileile, mara nyingi hazina siri kubwa kuliko hiyo.

Kiwango cha kingamwili kije baada ya hayo. Fanya ngazi ya 1:200, 1:500, 1:1000, 1:2000 na 1:5000 kwa siku moja, kwenye vipande vya ubongo mmoja. Chagua uzimuaji unaotenganisha vizuri zaidi hipokampasi na slaidi ya IgG ya kawaida. Uzimuaji unaotoa mwangaza mkubwa zaidi mara nyingi si huo.

Chupa iliyokufa ipo, ila husingiziwa mno. Kingamwili iliyochelewa forodhani siku kadhaa bila barafu, ikiwa na gliseroli na azaidi, kwa kawaida huwa nzima. Kinachoua ni kugandisha na kuyeyusha tena na tena, na hapo friza inayokatikiwa umeme usiku hufanya kazi hiyo bila mtu kuona. Gawa chupa ikifika: µl 10 hadi 20 kwa kila kichupa, nyuzi −20 kama ina gliseroli 50%. Kabla ya kuitupa, tafuta chembe nyeupe: izungushe kwa 10,000 g kwa dakika 5 na utumie maji ya juu.

Mwisho kabisa: baadhi ya kingamwili zinaona protini iliyonyooshwa tu. Zinafanya kazi kwenye westan (protini hutenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, zikahamishiwa kwenye utando na kutafutwa kwa kingamwili) na zinakataa kipande kilichofiksiwa. Hakuna bafa itakayoibadilisha. Nunua nyingine.

Rangi ipo kwenye kingo tu, au pande mbili za juu na chini

Kingo peke yake: kipande kilikauka. Chungulia chemba ya unyevu, ongeza maji, funika. Rangi ikiwa juu na chini huku katikati kukiwa kweupe kwenye hadubini ya konfokali, kingamwili haikupenya: kwa µm 40 panda Triton X-100 (sabuni inayofungua utando wa seli) hadi 0.3%, na acha kingamwili ya kwanza saa 48 hadi 72 kwenye nyuzi 4 huku ikitikiswa polepole. AQP4 (njia ya maji ya astrosaiti) na protini nyingine za utando wa seli hazipendi Triton nyingi. Hapo bakia 0.1%.

Rangi kila mahali

Tazama slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza. Ikiwa nayo ina rangi, acha kuhangaika na GFAP.

Kwenye DAB, chanzo cha kwanza ni peroksidesi za damu, vimeng'enya vinavyogeuza DAB kama HRP. Mnyama asiyesukumiwa chumvi kupitia moyo anabaki na chembe nyekundu ndani ya kapilari, na kila kapilari itakuwa kahawia. Peroksaidi ya hidrojeni 0.3% hadi 3% kwa dakika 10 hadi 30 inatosha. Ukiifanya ndani ya methanoli, epitopu za utando wa seli zinaweza kuumia. Kinachofuata ni uzuiaji usiofaa. Tumia seramu ya kawaida ya mnyama aliyetoa kingamwili ya pili, 5% hadi 10%, saa moja. Na hapa watu wengi hujikwaa: kama kingamwili yako ya pili ni ya punda dhidi ya mbuzi, usizuie kwa maziwa wala BSA ya kawaida. IgG ya ng'ombe iliyomo humo inafanana na ya mbuzi kiasi kwamba kingamwili ya pili itaishika na kupaka kipande chote.

Slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza ikiwa safi, ila ile yenye kingamwili ikiwa chafu, sababu ya kawaida ni wingi: umezimua kidogo mno. Punguza mara mbili, kisha mara nne. Kingamwili za GFAP zenye nguvu huvumilia uzimuaji mkubwa kuliko watu wanavyothubutu. Ikibaki chafu hata rangi ya kweli inapoanza kufifia, kingamwili inashika na kitu kingine. Nenda kwenye sehemu ya nyuroni na msuli.

Kwenye fluoresensi, uchafu wa kijani unaoonekana hata bila kingamwili hutokana na aldehaidi zilizobaki. Glisini M 0.1 kwa dakika 20 ndiyo njia ya upole. Borohaidraidi ya sodiamu 1 mg/ml ina nguvu zaidi, ila inatoa hidrojeni: itengeneze muda huohuo, ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwenye chombo kilicho wazi. Ukiifunga, kifuniko kitaruka.

Mishipa ya damu inang'aa kuliko astrosaiti

Hii inahitaji kutulia, kwa sababu sehemu yake ni kweli. Astrosaiti huweka nyayo zao kuzunguka mishipa, na kwa AQP4 mng'ao huo wa mishipa ndio hasa unaotafutwa. Swali ni rangi iko upande gani wa ukuta. Paka pamoja alama ya endothelia, CD31 kwa mfano, na utazame mshipa uliokatwa kwa upana: nyayo za astrosaiti ni pete ya nje, endothelia ni pete ya ndani.

Pete ikiwa ya nje, na GFAP inaonekana ikiunganishwa na tawi la nyota, hakuna hitilafu.

Rangi ikijaza ndani ya mshipa au ikitapakaa kama wingu kuuzunguka, na kingamwili yako ya kwanza imetoka kwa panya mdogo huku tishu ni ya panya mdogo, kingamwili ya pili inashika IgG ya mnyama mwenyewe. Kwenye ubongo uliojeruhiwa au wenye uvimbe wingu hilo ni kubwa zaidi, maana seramu imevuja. Ndiyo hatari yake: eneo la jeraha litaonekana lina "GFAP" nyingi, jambo ambalo kila mtu anategemea kuliona. Slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza, ya ubongo uliojeruhiwa uleule, itafichua. Zuia kwa vipande vya Fab (mikono ya kushikia ya kingamwili peke yake) dhidi ya IgG ya panya mdogo kwa saa moja kabla, au, bora zaidi, hamia kwenye kingamwili ya sungura au kuku.

Rangi ikikaa kwenye endothelia yenyewe, shuku vimentini. Seli za endothelia zina vimentini na hazina GFAP.

Gamba la ubongo tupu, hipokampasi imejaa

Kwenye panya mdogo mwenye afya hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Astrosaiti za katikati ya gamba zipo, zinafanya kazi, ila GFAP yao ni ndogo kiasi cha kutoonekana. Utaiona kwa wingi chini ya pia (utando mwembamba unaofunika ubongo), kwenye sehemu nyeupe, na kwenye hipokampasi. Serebela ina picha yake: nyuzi za glia za Bergmann zikipanda wima kwenda juu hadi kwenye pia, zikipita kati ya seli za Purkinje ambazo zenyewe ni giza. Kingamwili ikikuonyesha hivyo, usiisumbue.

Makosa huanza mtu anapoongeza nguvu za kingamwili mpaka gamba nalo lijae. Anachokiona hapo ni uchafu. Ukitaka kuhesabu astrosaiti za gamba, tafuta ALDH1L1 au SOX9 (ya pili inakaa ndani ya kiini). S100B inaonyesha nyingi, lakini baadhi ya oligodendrosaiti nazo zinayo, na kwa kuwa ni protini ndogo inayoyeyuka, huvuja kwenye tishu iliyofiksiwa kidogo.

Nyuroni, viini au nyuzi za msuli zinashika rangi

Msuli ukishika rangi, kingamwili inaona desmini. Haina haja ya mjadala mrefu.

Viini: GFAP haikai ndani ya kiini. Kabla ya kulaumu, hakikisha unatazama tabaka moja jembamba la konfokali na si picha iliyolundikwa, kwa sababu tawi likipita juu ya kiini huonekana limo ndani. Kisha angalia kama rangi ya viini inavujia kwenye mkondo wa GFAP: piga picha ya slaidi yenye rangi ya viini peke yake, kwa mipangilio ileile. Hatua zote mbili zikipita na viini bado vina rangi, kosa ni la kingamwili.

Nyuroni: kwanza mahali. Seli zenye GFAP kwenye ukingo wa ventrikali za pembeni na kwenye tabaka la chini la chembe za hipokampasi zinaweza kuwa seli shina za neva, na GFAP yao ni ya kweli. Mahali pengine, paka NeuN (alama ya nyuroni) pamoja. Seli yenye vyote viwili, iliyo na mwili mviringo na ikaonekana kwenye kila uzimuaji, ni dalili ya kushika kitu kingine.

Sasa vimentini, ndugu mgumu kuliko wote. Watu hujitetea: "Rangi yangu iko ndani ya astrosaiti, basi ni GFAP." Astrosaiti iliyoamka baada ya jeraha huongeza GFAP na vimentini kwa pamoja, ndani ya seli moja, kwenye matawi yaleyale. Mahali hapatakutenganishia. Kinachotenganisha ni seli zilizopandikizwa jeni: weka GFAP, desmini na periferini kila moja kwenye chombo chake cha HEK293 (seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara), na uache chombo kimoja bila kitu. HEK293 zina vimentini yao wenyewe, kwa hiyo chombo kisicho na kitu tayari ni jaribio la vimentini. Kingamwili safi itawaka kwenye chombo cha GFAP peke yake.

Jaribio la kuloweka kingamwili na peptidi yake halisaidii hapa, ingawa bado linaonekana kwenye karatasi nyingi za wauzaji. Rangi kupotea kunaonyesha kwamba kingamwili inashika ile peptidi. Kama inashika vimentini kwa mkono uleule, rangi ya vimentini nayo itapotea, na wewe utafurahi bure.

Westan: hakuna bendi ya kDa 50

Tafuta kwenye mashapo. Nyuzi za GFAP haziyeyuki kirahisi kwenye Triton, na mtu akisaga ubongo kwa bafa laini, akazungusha, akachukua maji ya juu, ameitupa GFAP na ile tonge iliyobaki chini. Chukua tonge hilo, liyeyushe kwa SDS 2% ya moto au urea M 8, lipitishe kwenye sindano nyembamba mpaka liache kuvutika kama ute, pima protini upya, kisha endesha maji na tonge kwenye jeli moja ya 10%. Mara nyingi bendi itakuwa imekusubiri hapo.

Kwa S100B shida ni kinyume: kDa 10.5 hivi, inapita hadi upande wa pili wa utando. Jeli ya 15%, utando wa µm 0.2, na muda mfupi wa kuhamisha.

Westan: bendi nyingi

Bendi kati ya kDa 38 na 50, kama ngazi inayoshuka, ni vipande vya GFAP iliyokatwa na kalpaini. Huongezeka tishu ikichelewa kugandishwa na kwenye majeraha ya ubongo. Linganisha na ubongo wa panya uliogandishwa mara tu baada ya kutolewa, ukasagwa kwenye barafu na vizuizi vya protiezi pamoja na EDTA au EGTA, kwa kuwa kalpaini inahitaji kalsiamu. Ngazi ikipungua, ni ukatikaji. Ikibaki vilevile, endelea kushuku.

Bendi ya kDa 54 hadi 57 juu kidogo ya GFAP: vimentini. Endesha HEK293 kando yake. Bendi za 50 na 25 kwenye sampuli ya panya mdogo, ukitumia kingamwili ya panya mdogo, zinaweza kuwa minyororo ya IgG. Ile ya 50 ndiyo mbaya kuliko zote, inakalia kiti cha GFAP yenyewe. Utando wa westan usiowekewa kingamwili ya kwanza utaionyesha.

Bendi nene juu ya kDa 130 kwa EAAT2 (kisafirisha glutamati cha astrosaiti), au madonge yasiyoingia kwenye jeli kwa AQP4, hutokana na kuchemsha. Protini hizi za utando hushikana zikipata nyuzi 95. Zipashe kwa nyuzi 37 kwa dakika 20 hadi 30 na DTT mM 100 mpya, na EAAT2 itashuka hadi kDa 65–70, AQP4 hadi kati ya 30 na 34.

Ubongo wa binadamu: matawi yamekatikakatika, chembe zinang'aa rangi zote

Chembe za manjano karibu na kiini, zinazoonekana kwenye kila mkondo wa hadubini na kwenye slaidi isiyoguswa, ni lipofusini. Wazee wote wanayo. Tumia Sudan Black B 0.1% ndani ya ethanoli 70%, dakika 10, baada ya kingamwili zote. Suuza kwa PBS bila sabuni yoyote, kwa kuwa Tween itaiosha Sudan yote.

Matawi yaliyovunjika kama shanga zilizokatika uzi yanaweza kuwa hali halisi ya tishu: astrosaiti hubomoka hivyo asidi inapopanda, kabla ya kifo au baada yake. Uliza saa ngapi zilipita kati ya kifo na kufiksi, na ulinganishe na kingamwili nyingine ya astrosaiti kwenye kipande jirani. Zote zikionyesha shanga, kingamwili haina hatia. AQP4 huathirika na ucheleweshaji huo: mpangilio wake kwenye nyayo hufifia na rangi husambaa.

SIMAMA kama historia ya mgonjwa inataja kupoteza akili kwa kasi ndani ya miezi, au ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob umeshukiwa. Formalini haiui prioni, protini inayoambukiza ugonjwa huo. Usikate, usichemshe, usiendeshe kriostati (mashine ya kukata tishu iliyogandishwa). Funga sampuli, weka alama, na mwite mtaalamu wa patholojia ya neva pamoja na afisa wa usalama wa kibiolojia. Wao ndio wataamua kuhusu asidi fomiki na mahali pa kufanyia kazi.

SIMAMA pia kama mtu anataka kutumia slaidi zako kusema uvimbe wa mgonjwa ni gliyoma au la. Kingamwili iliyothibitishwa kwenye panya kwa utafiti haijathibitishwa kwa uchunguzi wa hospitali. Peleka bloku kwa daktari wa patholojia.

Rangi ipo hata kwa panya asiye na jeni

Usikimbilie kuitupa kabla ya maswali mawili. La kwanza: mnyama ni yeye kweli? Rudia PCR ya mkia au sikio la mnyama huyohuyo, maana vizimba huchanganywa. La pili: jeni iliondolewa vipi? Kama ni eksoni moja tu iliyofutwa, kipande cha protini kinaweza kubaki, na kingamwili inayoshika mwisho wake ikaendelea kukiona. Linganisha epitopu na eneo lililofutwa. Kwa wanyama wanaofutiwa jeni kwa tamoksifeni, daima zitabaki seli chache zilizoponyoka. Hizo ni nyota kamili, moja moja, si ukungu wa jumla.

Majibu yote mawili yakiwa safi na rangi bado ipo, kingamwili hiyo haifai kwa tishu hiyo. Hakuna uzimuaji utakaoiokoa. Ukitaka kujua inashika nini, ivue kutoka kwenye tishu iliyosagwa pamoja na kila ilichokishika, uvipeleke kwa mtaalamu wa spektrometa ya masi. Hilo si jambo la kubahatisha kwa kukisia bendi.

Wasio na panya huyo wana njia nyingine, zilizotajwa pia na kikundi kazi cha kimataifa cha uthibitisho wa kingamwili mwaka 2016: kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti za protini na kuonyesha seli zilezile, kipimo kisichotumia kingamwili (RNA ya maeneo mbalimbali, ukilinganisha na nguvu ya bendi), protini iliyopandikizwa, na kuvua pamoja na spektrometa. Mbili kati ya hizo ni kiwango cha chini. Moja peke yake, hasa "kingamwili mbili" zilizotengenezwa kwa peptidi ileile, ni kujidanganya.

Chupa mpya, matokeo mapya

Kingamwili za poliklono hubadilika kila mnyama anapobadilika. Kabla chupa ya zamani haijaisha, endesha ya zamani na mpya siku moja: ngazi ya uzimuaji, westan ya hipokampasi na HEK293, msuli, slaidi zote za ulinganisho. Andika namba ya RRID (kitambulisho cha kimataifa cha vitendanishi vya utafiti), namba ya katalogi, namba ya loti na µg/ml, kwa sababu RRID haitofautishi loti. Vichupa vichache vya sampuli ya ubongo iliyosagwa, vikihifadhiwa nyuzi −80, vitakupa kipimo kilekile kwa kila loti ijayo. Loti mpya ikiongeza bendi, irudishe kwa muuzaji pamoja na picha za loti zote mbili. Ikipita lakini kwa uzimuaji tofauti, itumie, ila usiweke hesabu za loti mbili kwenye grafu moja. Kwa utafiti wa miaka, chagua kingamwili ya rikombinanti ambayo mfuatano wake unajulikana.

Mabaki ya chupa hizo yana azaidi. Usiyamwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, usiyachanganye na asidi wala jiki. DAB nayo iende kwenye chupa yake ya taka, tena bila jiki. Azaidi ya unga ikimwagika, toka chumbani, funga mlango, na mwite mtu wa usalama wa kemikali.